Niliandika pingamizi bila jina, mke wangu akalisoma mezani

BARUA YA MSOMAJI

Bi Mshauri, salaam.

Nina miaka 48, nina mke na binti mmoja wa miaka 15. Kazi yangu ni udereva wa basi, na zamu yangu ni ya gari la kwanza la alfajiri. Naamka saa tisa na nusu usiku. Ikifika saa mbili na nusu natakiwa niwe nimeshalala, la sivyo siku yote naiendesha kwa kujilazimisha.

Nyumba yetu imepakana na uwanja wa mpira. Kutoka dirisha la chumba chetu cha kulala hadi mstari wa pembeni nimepima kwa hatua, ni kama mita 30. Chumba cha binti yetu kiko upande wa nyuma. Tuliponunua nyumba, miaka kumi na moja iliyopita, uwanja ulikuwepo, na watu wa klabu hawaachi kutukumbusha hilo. Ni kweli. Ila ulikuwa uwanja wa mchana. Jua likizama wachezaji waliondoka, tukabaki na giza letu.

Mke wangu ndiye katibu wa klabu hiyo, na kazi anaifanya kwa moyo wote. Wavulana na wakubwa wamejaza saa zote nzuri. Wasichana, binti yetu akiwemo, wameachiwa nusu saa ya mwisho ambapo mpira hauonekani vizuri. Mwaka huu mmoja wao aligongana na mwenzake gizani akavunjika jino. Baada ya hapo klabu ikaamua kuomba kibali cha kufunga taa: nguzo sita za mita 15, siku tano kwa wiki, hadi saa nne usiku. Kwa kuwa eneo letu limepangwa kuwa la makazi, kamati ya mipango miji lazima isikilize wakazi kwanza. Ombi lote, ukurasa kwa ukurasa, limeandikwa na mke wangu.

Miezi miwili iliyopita klabu ilikodi taa za kujaribia kwa wiki mbili, zile za kuvutwa na gari zenye jenereta lake. Bi Mshauri, ningeweza kusoma gazeti kitandani bila kuwasha taa yangu. Usiku wa nne mfululizo sikupata usingizi. Asubuhi yake nilisimama kituoni kupakia, na nilichokumbuka baadaye ni abiria akigonga kioo. Nilikuwa nimelala, mikono iko kwenye usukani. Hakuna aliyeumia. Sijamwambia mtu mpaka leo, hata mke wangu. Kila nilipotaka kusema alikuwa anaingia mlangoni akiwa na furaha: wasichana wamecheza dakika 90 kamili, binti yetu kafunga bao.

Jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, ndiye anayeongoza wanaopinga. Alinijia na karatasi ya saini. Nikamwambia siwezi kusaini, anajua kwa nini. Akaniambia, "Basi andika tu, mwanangu, wewe una maneno." Nikaandika kurasa mbili, nikamalizia kwa jina la "Mkazi wa mtaa". Niliomba kibali kikataliwe, na kama hakikataliwi basi nguzo zishushwe hadi mita 8 zisituchungulie. Nikaandika kwamba tumeshaona kwa macho yetu taa hizi zinavyotesa. Na nikaongeza, jambo ambalo najuta, kwamba klabu inaendeshwa na watu wachache wasiojali usingizi wa wenzao.

Sikujua kwamba pingamizi zote hupelekwa kwa mwombaji azijibu. Wiki iliyopita mke wangu alikuja na bahasha, akatusomea barua yangu mezani. Alipofika kwenye maneno yale sauti ikamkatika. Binti akauliza, "Nani anaweza kutuandikia hivi?" Nikainuka kwenda kunywa maji.

Kikao kimebakiza wiki tatu. Mzee anataka nisimame niseme. Mke wangu ameshaniwekea kiti cha mbele, upande wa klabu. Taa sizitaki, na mke wangu sitaki kumpoteza. Kusema kweli, hata kabla ya habari za taa, jioni nyingi kiti chake mezani kilikuwa kitupu. Wanaporudi wote wawili mimi nimeshalala, na ninapoondoka wao wamelala. Nikiri? Niiondoe barua? Au ninyamaze kamati iamue yenyewe?

Mume wa Katibu

JIBU

Ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: basi limesimama kituoni, abiria anagonga kioo. Nashukuru kwamba lilikuwa limesimama. Nashukuru pia kwamba umelisema, hata kama umeanza kulisema kwa mtu usiyemjua.

Nakuomba utazame kitu kimoja. Katika kurasa zile mbili ulizopeleka kwa kamati, kwa jinsi ulivyonisimulia, habari ya kituo cha basi haimo. Umewaandikia kwamba klabu haijali usingizi wa watu, ukawaficha usingizi wenyewe ulivyokufanya. Mke wako amesoma hasira ya mtu asiyemjua. Hajawahi kusikia hofu ya mumewe. Sisemi hivi kukulaumu. Mtu anayemwona mwenzake anaingia mlangoni akiwa na furaha hushindwa kuizima, na wewe ulishindwa kwa sababu unampenda. Lakini unaposema klabu haijali, jiulize: nani aliyewaambia?

Una mambo mawili yaliyoshikana mpaka hayaachani. Kuna mwanga unaoingia chumbani, na kuna barua iliyoingia mezani. Niruhusu nianze na mwanga, maana humo nadhani mambo kadhaa umeyachukulia kuwa ya hakika kabla hujayakagua.

La kwanza ni zile taa za kukodi. Ulichokiona kwa wiki mbili si kile klabu inachokiombea kibali. Taa za kuvutwa na gari zina mlingoti mfupi, na ili zifikishe mwanga katikati ya uwanja hulazimika kuinuliwa uso, zikatazama mbele badala ya kutazama chini. Aliye ng'ambo ya pili anapigwa usoni. Juu yake kuna jenereta linanguruma. Mateso yako yalikuwa ya kweli, sina shaka. Ila sentensi yako ya "tumeshaona kwa macho yetu" inahukumu nguzo za mita 15 kwa makosa ya taa nyingine, na mtu wa klabu akiinuka kikaoni akasema hivyo, barua yako yote itayumba.

La pili linafuatana na hilo, na huenda likakushangaza. Umeomba nguzo zishushwe hadi mita 8. Ni ombi ambalo majirani wengi hulitoa, kwa sababu nguzo ndefu inatisha hata ikiwa imezimwa. Lakini nguzo ikiwa fupi, taa yake lazima ielekezwe mbali kwa ulalo, na ulalo huo ndio unaovuka uzio na kuingia dirishani. Mafundi wa taa za michezo hujitahidi mwali mkuu usiinuke zaidi ya nyuzi 70 kutoka mstari wa kwenda chini, na hilo ni rahisi zaidi taa ikiwa juu. Ukipewa ulichoomba, chumba chako kinaweza kuangaza kuliko ambavyo kingeangaza kwa ombi la mke wako. Badala ya urefu, ningeuliza juu ya taa zenye kioo bapa kinachotazama chini, kofia za chuma upande wa nyumba, na rangi ya mwanga. Taa nyingi za LED za viwanjani ni nyeupe kali ya kelvini 5,700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Zipo za 4,000, zipo hata za 3,000 ambazo ni za manjano zaidi. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba ndani ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia mwili kama ni mchana au usiku, na chembe hizo huitikia zaidi mwanga wa samawati, ule uliojaa kwenye taa nyeupe kali. Zikiamshwa, melatonini inayotuandaa kulala hupungua. Mwili wako haukuwa unajidekeza.

Kuna pia swali la kiasi. Viwango vya Ulaya vya taa za michezo vinataka luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) kwa mechi za ngazi za juu, 200 kwa ngazi ya kati, na 75 kwa mazoezi na michezo ya kawaida. Ombi la klabu linasema ngapi? Huenda mke wako alinakili tu makadirio ya muuzaji wa taa, na muuzaji hana sababu ya kupendekeza kidogo. Wasichana wanaofanya mazoezi Jumanne hawahitaji mwanga wa fainali, na taa za LED zinaweza kupunguzwa kwa kitufe.

Sasa dirisha lako. Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, inayojulikana kwa kifupi kama CIE, ina mwongozo namba 150 ulioboreshwa mwaka 2017. Kwa mtaa wa makazi wenye mwangaza wa wastani, unashauri mwanga unaofika kwenye dirisha la jirani usizidi luksi 10 jioni, na ukishapita muda wa kuzima uliowekwa na mamlaka, usizidi 2. Kwa mitaa yenye giza zaidi ni 5 na 1. Ili upate picha, mwezi mpevu hutoa kama robo ya luksi. Mamlaka yenu inaweza kuwa na namba zake, na hizo ndizo utakazozitafuta. Lakini umeona tatizo lako liko wapi? Mwongozo unahesabu usiku kuanzia saa ya kuzima, tuseme saa nne. Usiku wako unaanza saa mbili na nusu. Klabu inaweza kutimiza kila kanuni na wewe bado ukakosa usingizi, bila mtu yeyote kuwa mwovu. Ndiyo maana nasema habari ya zamu yako ni muhimu kuliko lawama zote. Hakuna mhandisi atakayeikisia, na hakuna anayeweza kuisema ila wewe.

Kuhusu hoja ya kwamba uwanja uliwatangulia, usiiache ikufunge mdomo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya jirani wa uwanja wa mashindano ya magari na pikipiki, ilisema kwamba kuhamia karibu na kero hakumnyimi mtu haki ya kulalamika, na kwamba kibali cha mipango peke yake hakiihalalishi kero. Hiyo ni sheria ya kwao, na yenu huenda inasema vingine, kwa hiyo mwulize mwanasheria. Nimeitaja ili ujue kwamba hoja hiyo hata mahakamani ina majibu.

Najua pia kwamba ugomvi huu unaonekana kama wa ndiyo au hapana. Mara nyingi huishia kuwa wa ngapi. Uwanja wa Wrigley Field mjini Chicago, Marekani, umezungukwa na nyumba za watu, na timu ya besiboli ya Cubs ilicheza nyumbani mchana tu hadi ikabaki ya mwisho katika ligi kuu isiyo na taa. Majirani walipigana kweli. Sheria ya jimbo ya mwaka 1982 na ya jiji ya 1983 zilizuia mechi za usiku pale, na klabu ilipokwenda mahakamani ikashindwa. Mwaka 1988 jiji likafungua mlango, lakini kwa kipimo: mechi 18 za usiku kwa msimu. Taa ziliwashwa Agosti 8 mwaka huo, mvua ikaivunja mechi, na iliyokamilika ikachezwa kesho yake. Miaka yote ile ya mivutano iliishia kwenye hesabu ya usiku mmoja mmoja. Klabu ya mke wako imeomba siku tano hadi saa nne. Vipi siku mbili za wasichana zikimalizika saa mbili? Sijui kama zinatosha. Yeye anajua.

Na hapo tunarudi mezani.

Umeniuliza ukiri, uondoe barua, au unyamaze. Kunyamaza kuna raha yake. Kamati itaamua, barua itakaa kwenye faili, na pengine hakuna atakayejua. Lakini mzee anajua. Mwandiko wa mawazo yako mke wako anaujua pia, ameishi nao miaka mingi, na sitashangaa kama ameshaanza kushuku. Akija kuambiwa na jirani, kwenye ukumbi uliojaa watu, jeraha la pili litakuwa kubwa kuliko la kwanza. Tena taa zikikataliwa utaishi na huzuni ya binti yako ukijua mkono wako umo. Zikikubaliwa, utalala macho wazi ukiwa na siri.

Kuiondoa barua kimyakimya kunapunguza uzito wa sentensi ile mbaya, na pengine utaratibu unaruhusu uandike nyingine kwa jina lako, isiyo na lawama, yenye zamu, dirisha na kituo cha basi. Mahali pengi pingamizi lisilo na jina halipewi uzito mkubwa hata hivyo. Hatari ni kwamba barua yenye jina la mume wa katibu itasomwa na mtaa mzima. Wengine watasema mke wako ameshindwa kumshawishi hata mumewe. Na habari ya kusinzia kwenye usukani ikiingia kwenye kumbukumbu za umma inaweza kufika kwa mwajiri wako, jambo ambalo unapaswa kulifikiria kabla hujaandika. Hata hivyo, taa au bila taa, usingizi wako ni wa kupelekwa kwa daktari. Abiria wako hawajui mgogoro wa nguzo.

Kukiri sasa, kabla ya kikao, ndiko kunakouma haraka. Anaweza kukasirika sana. Anaweza kuona kwamba kazi yake ya miezi mingi umeichoma kisirisiri, na ana haki ya kuona hivyo. Lakini angalau ana wiki tatu. Yeye ndiye mwenye kalamu ya ombi, na anaweza kulirekebisha kabla halijafika mbele ya kamati. Baada ya kikao hawezi. Mzee naye anastahili kuambiwa mapema kwamba hutasimama, kama hutasimama, asije akajenga hoja zake juu yako.

Kiti cha mbele kinaweza kubaki kitupu. Kuna wanaokaa nyuma, na kuna wanaokwenda kazini siku hiyo.

Nina jambo moja ambalo sitaki kulikwepa. Barua yako ilikuwa ya taa, lakini ulipofika mwisho uliandika juu ya kiti kingine, cha mezani. Wanaporudi umelala, unapoondoka wamelala. Nikajiuliza, labda sehemu ya uchungu wako si luksi hata moja. Labda taa hizi zinakuja kuchukua hata zile jioni chache zilizobaki, na hujapata namna ya kusema "nimekukosa", ukaandika "hawajali". Naweza kuwa nimekosea. Wewe utajua. Ikiwa ni hivyo, kamati ikikataa kila nguzo, kiti hakitajaa kwa sababu hiyo, maana klabu itabaki na mke wako atabaki katibu.

Umetaja pia, kama kwa bahati, kwamba chumba cha binti yako kiko nyuma. Sisemi mbadilishane vyumba. Huenda hataki, na huenda wewe hutaki kufukuzwa chumbani kwako na taa za jirani, nami naelewa. Pazia zito nalo linasaidia, lakini kuna wanaoona kufunga dirisha kila usiku ni kushindwa. Naona tu kwamba hili ni jambo ambalo familia inaweza kulizungumza, na hamjalizungumza kwa sababu wenzako hawajui kwamba hulali.

Binti yako aliuliza nani anaweza kuwaandikia hivyo. Ana miaka 15, anaweza kustahimili jibu. Lakini alipate baada ya mama yake, na kutoka kwako.

Ukiamua kusema, tafuta jioni ambayo hakuna mazoezi, au ubadilishane zamu siku moja ili usizungumze huku unaitazama saa. Na ukianza na abiria aliyegonga kioo, nadhani hatakuuliza kwanza juu ya barua. Atakuuliza kwa nini hukumwambia siku ileile. Swali hilo lifikirie kabla ya nguzo na kabla ya luksi, kwa sababu mimi jibu lake sina, na mzee wako hana.

Niandikie baada ya kikao, hata kama hukusema neno.